Shangazi na Epsiloni ya Moja ya Elfu

Shangazi yangu amekereza vyuma kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo sijasikia mtu aliyemrudishia kazi. Yeye ndiye anayerudisha za wenzake. Fundi atamletea shafti ya pampu imepigwa msasa mpaka unajiona meno, naye ataibana kwenye maikromita, atafumba jicho moja, kisha atasema, "Umezidi unywele." Basi. Hagombi, haelezi. Fundi anabeba shafti yake anarudi nayo alikotoka. Ndiyo maana karakana nzima inamwita Bi Unywele, na mchomeleaji wa pale, mtu mwenye mdomo unaokaribia wangu, husema Bi Unywele akifa kaburi litachimbwa mara mbili, maana la kwanza atalikataa.

Ni mfupi. Mashine yake imewekewa ubao chini ili aifikie vizuri, na ubao huo umelika mahali pawili, kila mguu na shimo lake. Ukisimama hapo wewe, unajikuta umesimama kama shangazi, utake usitake. Kitambaa cha kichwani anakifunga mara mbili, kwa sababu mashine ya kukereza haijui kutofautisha nywele na chuma. Ana kovu kwenye kidole gumba alilolipata mwaka wa kwanza, na wanagenzi wapya wote huonyeshwa kovu hilo kabla ya kuonyeshwa swichi.

Wanagenzi nimewataja kwa makusudi. Kila mwaka chuo cha ufundi kilikuwa kikimletea watu wanane au tisa wa kufanya mazoezi kwa miezi mitatu. Walikuja na madaftari safi na kalamu za rangi nne. Hawakujua kisu kinolewe upande gani. Walipoondoka walijua. Nusu ya wakerezaji wa mji ule, ukiwauliza nani aliwafundisha, wataanza kutaja chuo, halafu wataona haya, halafu watamtaja yeye. Alikuwa mwalimu kwa kila kitu isipokuwa karatasi.

Na hicho ndicho alichokitaka. Shangazi hakuwahi kutaka vitu vingi, lakini hicho alikitaka mpaka kilionekana kwenye mwendo wake: kuitwa mwalimu wa karakana, pale chuoni, asimame mbele ya watu thelathini na ubao mkubwa nyuma yake. Barua ilipokuja kwamba chuo kinaweza kumwajiri, aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani, akaendelea kukereza. Saa ya chai akaitoa akaisoma tena. Mchomeleaji akamwuliza, "Bi Unywele, barua hiyo nayo imezidi?"

"Imepungua," akasema. "Inataka nifaulu mtihani wa hesabu."

Ilitaka pia awe hajafikisha miaka hamsini. Alikuwa na arobaini na tisa na wiki chache. Mtihani ulikuwa mara moja kwa mwaka, miezi saba mbele. Hesabu ya hapo hata mimi naiweza: nafasi ilikuwa moja.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na nisingependa, lakini bila mimi kisa hiki kingeishia pazuri. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilisoma diploma ya uhandisi miaka miwili kati ya mitatu, halafu nikaachana nayo siku niliyokuwa nikimwigiza mhadhiri mbele ya darasa, sauti, mwendo na kile kikohozi chake, kumbe mwenyewe amesimama mlangoni na anakifahamu kikohozi chake vizuri. Nyumbani hawakujua kisa chote. Kwao nilikuwa msomi aliye mapumzikoni. Shangazi akaja na mtaala wa ule mtihani, kurasa nne, akauweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, wewe umepita huku. Nishike mkono."

Nikaupitia. Sehemu, milinganyo, pembe, maeneo, vyote hivyo shangazi alivijua kwa vidole, alichokosa ni majina yake tu. Lakini ukurasa wa nne, chini kabisa, paliandikwa: mifuatano, na uthibitisho wa vikomo kwa epsiloni. Mtu anakwenda kufundisha kukereza bolti, wanamwuliza namba zinakoishia zikiachiwa zitembee milele. Nani aliuweka mtaala ule sijui, ila nadhani alikuwa amekosana na mtu.

"Hiki kipi?" shangazi akauliza, kidole juu ya neno epsiloni.

"Hicho ni cha mtelezo, shangazi. Usikiogope."

Kweli yenyewe ni hii. Siku mhadhiri alipofundisha epsiloni, alianza kwa mfano. Alisema, tuchukue epsiloni iwe moja ya mia. Akakokotoa, akapata jibu, nikaona loo, kumbe ni hivi tu, nikatoka kwenda kunywa chai. Alichosema baada ya mfano ule walikisikia waliobaki. Mimi nilirudi na mandazi.

Tulisoma Jumamosi mchana, karakana ikishafungwa. Mwenye karakana alimwachia ufunguo bila maswali. Kulikuwa na mlango wa chuma uliopakwa rangi nyeusi, unaotenganisha mashine na stoo, na shangazi akaufanya ubao. Alijizoeza kuandika kwa chaki huku akiongea, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba mwalimu mzuri haandiki kimya. Mikono yake ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ya unga mpaka viganja vimepauka, lakini mafuta ya kwenye mistari ya vidole hayatoki, hivyo kila herufi iliacha alama ya gumba pembeni.

Aliingia kwenye mifuatano kama mtu aliyerudi kwao. Nikamwandikia: nusu, theluthi mbili, robo tatu, nne ya tano, na kuendelea. Kila mara unachukua n, unaigawa kwa n ongeza moja.

"Zinakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kwenye moja," akasema papo hapo. "Lakini haziigusi. Ni kama kukereza kufikia kipimo. Kila ukipitisha kisu unakaribia, na mtu mwenye akili hapitilizi."

"Umbali uliobaki ni kiasi gani?"

Akapiga hesabu kwenye mlango. Moja gawanya kwa n ongeza moja. Akatabasamu. Huo ndio ulikuwa umbali wa kisu na kipimo, na ulikuwa unapungua.

Nikamfundisha nilichokijua. Nikamwambia, epsiloni ni kosa unaloruhusiwa. Kazi yako ni kusema kuanzia namba ya ngapi mfuatano unaingia ndani ya kosa hilo na hautoki tena. Ikiwa moja ya mia, umbali lazima uwe mdogo kuliko moja ya mia, kwa hiyo n iwe kubwa kuliko tisini na tisa. Tayari, umethibitisha. Nikachora mstari chini kwa mbwembwe.

Shangazi akautazama mlango muda mrefu. Alikuwa na tabia, akitilia shaka kitu, ya kusugua gumba kwenye kidole cha shahada kana kwamba kuna chenga ya chuma katikati.

"Mwanangu, kwenye mchoro, mteja ananiandikia kosa analolikubali. Pembeni pale, anaandika. Hapa nani ameandika moja ya mia?"

"Wewe. Unachagua."

"Nachagua mimi? Mimi fundi?"

"Ndiyo."

"Basi kazi hii haina mteja." Akasugua gumba. "Na wakitaka ndogo zaidi?"

Ningesema sijui. Ni neno moja tu na halina uzito mdomoni. Badala yake nikasema, "Chukua moja ya elfu basi, shangazi, kama unawaogopa. Ndogo kuliko hapo wanataka nini, kukereza unywele wa mbu?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kidogo cha puani, na mimi nilikuwa mtumwa wa kicheko hicho tangu utotoni, ningeweza kuiuza nyumba ili nikisikie. Akafuta mlango, akaandika moja ya elfu, akakokotoa upya. Moja ya elfu ya milimita ni kipimo ambacho hata mashine yake haikifikii. Alihisi amefanya kazi ngumu kuliko yote ya maisha yake. Alihisi amewazidi.

Jumamosi iliyofuata nilichelewa. Nilipofika alikuwa amekwisha kuujaza mlango. Sikuwahi kumwona na uso ule; ulikuwa wa mtu anayekuletea kazi safi akisubiri uipime.

"Ile ndogo zaidi nimelala nayo," akasema. "Hebu tazama. Nimeacha kuweka namba. Nimeiacha epsiloni ikae na jina lake, kama mteja ambaye hajafika. Nikasema, umbali uwe mdogo kuliko epsiloni. Nikageuza, nikapata n iwe kubwa kuliko moja gawanya kwa epsiloni, toa moja. Sasa mteja yeyote akija, na kosa lake lolote, sikokotoi upya. Namwambia tu, weka lako hapo, jibu lako hilo. Akibana, nasogea mbele. Akibana tena, nasogea tena. Hanishindi."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Shangazi yangu, aliyeacha shule kabla hesabu haijanoga, alikuwa amesimama kwenye ubao wake wenye mashimo mawili, na mlangoni kwake, kwa chaki na alama za gumba, ulikuwepo uthibitisho mzima. Haukupungukiwa na kitu. Walioandika vitabu wameandika hivyohivyo.

Mimi nikautazama, nikaona jibu lisilo na namba. Na kwenye mfano wa mhadhiri jibu lilikuwa na namba.

"Shangazi," nikasema, "hii umeiacha njiani. Mtahini anataka aone mwisho. Wewe ukiletewa shafti mtu akakwambia 'kipenyo ni jina lake tu, namba utaweka mwenyewe', utaipokea?"

"Siipokei."

"Haya."

"Lakini hii si shafti, mwanangu. Hii ni…" Akatafuta neno, akalikosa. "Naona kama iko sawa."

"Unaona. Mimi nimekaa darasani."

Nikachukua kitambaa cha kufutia mafuta, nikafuta mlango. Nilifuta mimi, kwa mkono wangu, kuanzia juu kushuka chini, huku nikipiga mluzi. Nikamwandikia moja ya elfu. Na Bi Unywele, aliyewarudishia kazi mafundi wenye ndevu, alisimama pembeni akanyamaza. Mbele ya hesabu alijiona mwanagenzi, na kwenye karakana ile mwanagenzi habishani na fundi. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe.

Mtihani ulifika. Alivaa viatu vya kufunga kamba na akabeba kalamu tatu. Alipotoka alinikuta nje ya geti, akanishika bega kwa nguvu za mtu wa vyuma.

"Epsiloni imekuja!"

"Ipi?"

"Mbili n ongeza tano, gawanya kwa n ongeza moja. Kikomo ni mbili. Umbali unabaki tatu gawanya kwa n ongeza moja. Nikachukua moja ya elfu. Nikapata kuanzia namba ya elfu tatu na kuendelea. Tena nikaikagua ile ya elfu tatu yenyewe, nikaona imeingia ndani. Nimeandika vizuri, mwandiko hata mimi nimejishangaa."

"Si nilikwambia? Mtelezo."

Tulirudi tukitaniana njia nzima. Mchomeleaji alipomwona akapiga saluti akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa kwenda msalani." Shangazi akamwambia, "Ukirudi uje na mzazi." Ile ndiyo siku ya mwisho niliyomsikia akifanya utani wa ualimu.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Kufaulu ni hamsini. Alikuwa na arobaini na sita.

Hakulia. Aliuliza tu kama mtu anaruhusiwa kuiona karatasi yake, na kweli inaruhusiwa, ukiandika barua. Alisema, "Kazi ikirudishwa lazima ujue imezidi wapi." Tukaenda wote wawili. Ofisi ilikuwa na kaunta ndefu, feni iliyokuwa ikizungusha joto lilelile, na karani aliyekuwa akipanga pini za karatasi kwa ukubwa.

"Dakika kumi," karani akasema. "Hakuna kuandika, hakuna kupiga picha."

Shangazi akafungua swali moja moja. Maswali manne ya kwanza alifanya kama alivyotarajia, hapa kumi na mbili, hapa tisa. Akafika la tano. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: nne kati ya ishirini. Na chini yake mtahini, mtu asiyemjua shangazi wala karakana, alikuwa ameandika maneno machache: "Umeonyesha kwa epsiloni moja uliyoichagua mwenyewe. Uthibitisho unataka kila epsiloni. Ungeiacha bila namba."

Akayasoma. Akayasoma tena, midomo ikicheza. Gumba lake likaanza kusugua kidole.

"Ungeiacha bila namba," akasema polepole.

Nilitafuta utani. Mimi, ambaye sijawahi kukosa utani hata msibani, nilipekua kila mfuko nikaukuta mtupu.

Akamrudishia karani karatasi kwa mikono miwili, akamwambia ahsante sana mama, tukatoka. Kulikuwa na benchi kwenye korido. Akakaa. Mimi nikabaki nimesimama.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua, shangazi."

"Hukujua kwamba ile ya mlangoni ilikuwa sawa?"

"Sikujua. Hilo somo sikulisikia lote. Nilisikia mfano tu."

"Na ulipokuwa unafuta?"

"Nilidhani najua."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Aliyedhani hafuti akipiga mluzi. Uliona naweza kukuzidi." Hakupaza sauti. Alisema kwa sauti ileile ya kumwambia fundi kwamba umezidi unywele. "Ungeniambia hujui tungekaa chini wote wawili. Mimi nilikuwa na jibu, nilikuwa sina mtu wa kunihakikishia. Nikakuamini wewe kuliko macho yangu. Hilo ni kosa langu, si lako peke yako."

"Shangazi, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, kaa chini, unanizibia mwanga."

Nikakaa. Alinisamehe kweli, simsingizii. Wiki ileile alinitumia mandazi na dawa ya kikohozi kilichokuwa kimenishika, na mama alipoanza kunipigia kelele kuhusu diploma, shangazi ndiye aliyemwambia amwache mtoto apumue. Lakini miezi miwili baadaye alitimiza hamsini, na chuo kikampa nafasi kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye tai. Nilimwona siku alipoletwa karakana kutambulishwa. Hakuwa mbaya. Alimwamkia shangazi kwa heshima, shikamoo mama, halafu akamwomba kwa sauti ya chini, wanafunzi wake wasisikie, amwonyeshe jinsi ya kusawazisha kipande kisicho duara kwenye mashine. Shangazi akampisha kwenye ubao, kijana akakuta mguu wake hauenei kwenye shimo, shangazi akamwelekeza mkono kwa mkono mpaka kipande kikakaa. Wanafunzi walipomaliza kuandika, wakamshukuru mwalimu wao.

Mimi nilienda maktaba, nikakaa na kitabu cha hesabu siku tatu bila kumchekesha mtu, nikausoma ule ukurasa nilioukimbia kwa ajili ya mandazi. Ni nusu ukurasa tu. Mtu anakuja na kosa lake, dogo kiasi anachotaka, na wewe lazima uwe na jibu kabla hajakwambia ni dogo kiasi gani. Kosa hilo usipolichagua wewe, ndipo unapokuwa umethibitisha. Nikaandika uthibitisho wa swali lile la mtihani, epsiloni ikiwa na jina lake tu, nikampelekea. Akaupitia mstari kwa mstari. Akasema, "Ni sawa." Halafu akaukunja, akaniwekea kwenye mfuko wa shati langu. Sikujua nilitaka aseme nini zaidi.

Bado naenda karakana siku za Jumamosi. Ananipikia chai kwenye birika la umeme, tunakaa kwenye masanduku ya beringi, ananiuliza habari za nyumbani, anacheka kicheko chake cha puani nikimwigiza mchomeleaji. Ukituona utasema hakuna kilichotokea. Mlango ule mweusi umepakwa rangi upya, kijivu.

Juzi tulikuwa tumekaa hivyohivyo, kelele za bati zikaanza juu yetu, nikachungulia nje nikamwambia, "Shangazi, anua nguo zako za kazi, mvua imeanza."

Akasema, "Eti eh?" kwa upole kabisa. Akaweka kikombe chini, akajifuta mikono, akatoka mwenyewe mpaka katikati ya uwanja, akasimama, akanyoosha kiganja juu. Alirudi mabega yamelowa, nguo mkononi.

"Kweli," akasema. "Inanyesha."

Siku hizi nikimwambia jambo, lolote lile, huenda kuangalia.